Barua ya wazi kwa Afisa wa Leba, Kaunti ya Nakuru: itisha na faili za waliosamehewa

Mheshimiwa Afisa,

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha. Shamba lenyewe silitaji, kwa sababu wenzangu wa mashamba jirani wana kilio hiki hiki.

Wafanyakazi wawili wa pakihausi, jengo la kufungashia maua, walipatikana na simu wakati wa kugredi, yaani kupanga maua kwa ubora. Kanuni moja, nyapara mmoja, hata meza ilikuwa ile ile. Mmoja aliambiwa akapumzike nyumbani siku mbili, kisha akarudi kazini. Mwenzake, mama wa watoto ambaye hakuwahi kupata onyo hata la mdomo, alipewa barua ya kufutwa kabla basi la jioni halijaondoka. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilipata habari langoni, ilhali kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikizwe kabla ya uamuzi. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba kila kesi hutazamwa kivyake.

Sitetei simu. Na anayerudia kosa baada ya barua mbili za onyo akiadhibiwa zaidi kuliko anayekosa mara ya kwanza, hakuna atakayelalamika. Ila hawa wawili hawakuwa na barua yoyote. Tofauti yao ninayoijua mimi ni moja: aliyesamehewa ni mtu wa nyapara, aliyefutwa si mtu wa mtu.

Halafu kuna suala la msimu. Mwisho wa Januari, maua ya Valentine yakikimbizwa uwanja wa ndege, kwetu hakuna kosa lisilosameheka. Ukichelewa unaambiwa tu uharakishe. Oda zikipungua, kuchelewa kule kule kunaitwa utovu mkubwa wa nidhamu, na barua zinaanza kutoka. Je, nidhamu yetu huharibika kila oda zinapopungua?

Mimi naona hesabu hapo. Mwajiri anayetaka kupunguza watu anabanwa na kifungu cha 40: akujulishe wewe na chama angalau mwezi mmoja kabla, na amlipe kila anayeondoka mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Aliyekaa miaka kumi, hizo ni siku 150. Akifutwa kwa nidhamu, fidia hiyo haipo. Hapo simu iliyopatikana mezani inakuwa kisingizio rahisi sana.

Ombi langu ni hili. Kifungu cha 45 kinaitaka mahakama, inapopima kama mtu alifutwa kwa haki, iangalie pia mwajiri alizoea kufanya nini kosa la aina hiyo linapotokea, na kama kulikuwa na barua za onyo. Basi usingoje kesi ifike mahakamani. Ukimwita meneja kwa malalamiko ya aliyefutwa, mwambie aje na faili za wote waliopatikana na kosa hilo, hasa waliosamehewa, zikionyesha tarehe. Kama sababu ya kuwatofautisha ipo, itakuwa imeandikwa. Sababu inayotungwa siku ya kikao wewe utaitambua, umeziona nyingi kuliko mimi.

La pili ni dogo. Kifungu cha 47 kinampa aliyefutwa miezi mitatu kuleta malalamiko kwako. Wengi huimaliza wakimbembeleza nyapara, wakiahidiwa kwamba wataitwa tena. Tungefurahi ukija hapa kwetu Karagita, Naivasha, Jumapili moja mchana, uwaeleze watu haya kwa mdomo wako, maana nikisema mimi naambiwa nachochea. Mahali pa kukutania na viti tutatafuta sisi.

Wako,
Mwakilishi wa wafanyakazi,
Naivasha