Barua kwa Mama Idrisa kabla ya mazoezi ya Agosti

Atlanta, Georgia
Mwisho wa Julai

Mpenzi Mama Idrisa,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, Baba Salma anakusalimu sana. Picha ya Idrisa na helmeti yake imezunguka nyumba nzima. Mpe hongera zetu. Kijana aliyetoka Tanga mwaka jana tu kuchukuliwa kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari huko Houston si jambo dogo, na sikuandikii ili umtoe. Mchezo utampa marafiki na utamnyoosha Kiingereza haraka kuliko darasa lolote. Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyatia mwishoni mwa ujumbe wako: kwamba kocha ni mtu mzima, anajua kazi yake, na wewe huna la kumwambia. Hapo, ndugu yangu, sikubaliani nawe.

Najua yanakotoka. Tumelelewa kwamba ukimpeleka mtoto shule umemkabidhi kwa mwalimu, na mzazi anayekwenda kuulizauliza huonekana mkorofi. Mtoto naye hufundishwa kuvumilia. Lakini heshima hiyo na uvumilivu huo vikikutana kwenye uwanja wa Texas mwezi wa Agosti, mtoto anaumwa na hasemi, na mzazi hajui kama pale pana mtu wa kumwokoa. Mimi nafanya kazi chumba cha dharura, nawaona wanapoletwa.

Nianze na joto, maana mazoezi yako mlangoni. Utaniambia sisi ni watu wa pwani, joto tumezaliwa nalo. Ni kweli, ila joto linalomwangusha mchezaji halitoki kwenye jua peke yake. Sehemu kubwa hutoka ndani, kwenye misuli inayofanya kazi, na mwili hulitoa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Mvishe kijana helmeti na pedi za mabega, mkimbize katika hewa nzito ya Houston, jasho litamtiririka tu bila kukauka na joto litakosa pa kutokea. Tena Idrisa ameshinda Juni na Julai ndani ya kiyoyozi, ule uzoefu wa Tanga umeshamtoka. Mwili huhitaji siku kumi hadi kumi na nne kuzoea upya. Ndiyo sababu hatari kubwa iko siku za mwanzo za mazoezi, na wanaoanguka zaidi ni wavulana wenye miili mikubwa wanaocheza safu ya mbele. Umeniambia kocha anamtaka Idrisa huko huko mbele.

Usidhani ni watoto wasio na mazoezi ndio wanaokufa. Korey Stringer alikuwa mchezaji wa kulipwa wa Minnesota Vikings, ana miaka 27, madaktari wa timu wako karibu, na mwaka 2001 alikufa kwa kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto kupita kiasi mpaka viungo vinashindwa, baada ya mazoezi. Mwaka 2008 huko Louisville, Kentucky, kijana wa miaka 15 aitwaye Max Gilpin alianguka kwenye mazoezi ya timu ya shule baada ya kukimbizwa mbio nyingi siku ya joto kali, akafa siku tatu baadaye. Kocha wake alishitakiwa na mahakama ikamwona hana hatia. Kinachoniuma katika kisa hicho ni kwamba wazazi walikuwa na kila sababu ya kuamini mtoto yuko mahali salama.

Kwa hiyo nenda ukamuulize kocha, kwa adabu yako ile ile, ratiba ya wiki ya kwanza ikoje. Siku mbili za mwanzo wavae helmeti tu na fulana, kisha ndiyo zije pedi za mabega, na vazi zima lifuate baadaye. Muulize pia joto la uwanjani linapimwa na nani, na kwa kifaa gani. Nyuzi za kwenye simu hazitoshi, maana hazihesabu unyevu wa hewa wala ukali wa jua. Kuna kifaa kinachojumlisha vyote hivyo. Huku Georgia shule zinakifuata tangu mwaka 2012: kikifika kati ya 90 na 92 kwa Farenhaiti, mazoezi ni saa moja tu, bila helmeti wala pedi, na kikipita 92 hakuna kufanya mazoezi nje.

Swali kubwa kuliko yote ni hili: beseni la maji ya barafu liko wapi? Liwe la kumtosha mtu mzima kuzama mpaka shingoni, nalo liwe limeshajazwa kabla ya filimbi ya kwanza. Mtoto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akakasirika bila sababu, akapepesuka au akaanguka, na joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 za Selisiasi, kuna kama nusu saa ya kulishusha kabla viungo havijaharibika. Wataalamu wana kanuni: poza kwanza, safirisha baadaye. Wapige 911 mara moja, lakini mtoto awe tayari ndani ya maji ya barafu wakati ambulensi iko njiani, wala asitolewe kwa haraka ya kumpeleka hospitali kabla hajapoa. Wanaopozwa upesi namna hiyo karibu wote hupona. Tumefundishwa kwamba mtu mwenye joto ukimtia kwenye maji ya baridi atapata kichomi. Kwa hili, sahau kabisa. Na usitulizwe na neno kwamba wachezaji wanakunywa maji ya kutosha. Maji ya kunywa ni lazima, lakini mtoto aliyekunywa vizuri anaweza kupata kiharusi cha joto vilevile, tena akiwa bado anatoka jasho.

Jambo jingine halimo kwenye fomu nyingi za shule, nalo linatuhusu sisi hasa. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wakiwa wachanga. Idrisa alizaliwa Tanga. Anayebeba kinasaba kimoja tu haumwi, anaweza kuishi miaka themanini asijue, lakini akikimbizwa kupita kiasi kwenye joto chembe zake nyekundu za damu zinaweza kubadilika umbo na kuziba mishipa, misuli ikaanza kufa. Wachezaji kadhaa wa vyuo wamekufa hivyo, mpaka vyuo vya daraja la kwanza la michezo vikaanza kudai majibu ya kipimo hicho mwaka 2010. Sekondari nyingi haziulizi. Mpeleke apimwe damu wiki hii. Akikutwa nacho hazuiwi kucheza, ila kocha lazima ajue, ampe muda mrefu wa kupumzika, na asimwadhibu kwa mbio.

Sasa kichwa. Helmeti huzuia fuvu kupasuka, na kwa hilo ni nzuri. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, maana ubongo uko kama kiini cha yai ndani ya ganda: ganda linaweza kubaki zima huku kiini kimeshavurugika. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii hata kidogo. Huinuka, wanapangusa nyasi, wanasema wako sawa. Utaujua baadaye: kichwa kinauma, mwanga unamkera, amesahau mpango wa mchezo alioufanya asubuhi, anajibu polepole, amekuwa mkali au analia bila kisa.

Hatari kubwa ni kurudi uwanjani kabla ubongo haujapona. Zackery Lystedt wa jimbo la Washington alikuwa na miaka 13 mwaka 2006 alipogonga kichwa karibu na mapumziko. Alikaa kidogo, akarudishwa kipindi cha pili, na mchezo ulipokwisha akaanguka, ubongo ukivuja damu. Aliokolewa, ila ilimchukua miezi mingi kupata tena neno la kwanza, na miaka kuweza kusimama. Familia yake ilipigania sheria, ikapita mwaka 2009, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Yenu ya Texas ni ya mwaka 2011, imepewa jina la Natasha Helmick, msichana wa huko huko aliyecheza soka. Inasema mchezaji anayeshukiwa amepata mtikisiko atolewe na asirudi siku hiyo, na kwamba arudi kwa idhini ya maandishi ya daktari na kwa sahihi yako wewe mzazi. Kocha hana ruhusa ya kuamua hilo. Umeona, Mama Idrisa? Sheria yenyewe inakutaka useme.

Salma wangu aligongana kichwa na mwenzake kwenye soka msimu uliopita. Watu husahau kwamba soka la wasichana lina ajali nyingi za kichwa. Alishindwa kusoma ukurasa mmoja bila kutapika. Walimu walimpunguzia kazi, akarudi darasani kwanza, michezo ikafuata: baiskeli nyepesi, kisha kukimbia, kisha mpira bila kugusana, kila hatua ikichukua siku nzima au zaidi, na dalili zikirudi anashuka hatua moja. Alinuna sana kwa kukosa mechi. Nilimwacha anune. Idrisa naye akigongwa kichwa, halafu akatapika mara kwa mara, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, au akawa hazinduki vizuri, usisubiri kunipigia mimi, piga 911.

Kaa naye kabla ya mazoezi kuanza, na baba yake awepo. Mwambieni kwamba kusema kizunguzungu hakumfanyi mwoga, na kwamba hamtamkasirikia akikosa nafasi kwenye timu kwa sababu hiyo. Asikie kwa kinywa cha baba yake hasa, maana wavulana wengi huficha kwa kuogopa kuwaaibisha baba zao. Na akimwona mwenzake anapepesuka, amwite mtu mzima papo hapo.

Fomu ya shule ya mtikisiko wa ubongo usiitie sahihi gizani. Nipigie picha nikutafsirie mstari kwa mstari. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, kuanzia saa tisa mchana kwa saa za huku utanipata macho. Na ukishaongea na kocha, nitumie alichojibu kuhusu beseni hata kama ni usiku wa manane.

Nisalimie Baba Idrisa na mama mkwe.

Wako,
Mama Salma