Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji wa Rottweiler, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma Mweka Hazina, na Katibu anayo orodha ya waliolipa ada na ya wale wanaotuzungusha. Mimi nitautumia muda wangu kwa jambo ambalo kamati imelirudia karibu kila kikao: mbwa wetu wanaharibika kwa kufungiwa. Mtu ananunua mtoto wa Rottweiler, anamtia bandani mchana kutwa, anamfungulia saa nne usiku ili "awe mkali", halafu anashangaa mbwa hatofautishi mwizi na shangazi aliyekuja msibani.

Jina la mbwa huyu limetokana na mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani. Wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Kutwa alikuwa na bosi wake, barabarani na sokoni, katikati ya watu na mifugo. Ukimweka peke yake nyuma ya nyumba, unakuwa umemnyima kazi aliyozaliwa nayo. Na kwa kuwa wapo wanaouza kwa ukubwa, nikumbushe vipimo vinavyotambulika kimataifa: dume sentimita 61 hadi 68 begani na uzito wa kilo 50 hivi, jike sentimita 56 hadi 63, kilo 42 hivi. Anayekutangazia dume la kilo 80 anakuuzia mafuta na ugonjwa wa nyonga.

Geti

Malalamiko yaliyotufikia mengi yalianzia getini. Geti linafunguliwa gari liingie, dada anatoka na ndoo ya taka, mbwa anachomoka katikati ya miguu. Hakutoka ili ang'ate, ametoka kwa sababu huko nje hajawahi kukufika. Dereva wa bodaboda akiona kichwa kile anaongeza mwendo, mbwa anaona kitu kinachokimbia, naye anakikimbiza.

Dawa ya kwanza iko kwa fundi wa kuchomelea. Wekeni geti la ndani la nondo au wavu mgumu, kimo kisipungue mita moja na nusu, na kati yake na geti kubwa ibaki nafasi ya kusimama mtu na mizigo yake. Mlango mmoja haufunguliwi kabla mwingine haujafungwa. Komeo liwe juu, maana la chini wapo wanaolisukuma kwa pua mpaka linafunguka. Tazameni pia uwazi ulio chini ya geti kubwa: mpira ukiingia, mtoto wa jirani atapitisha mkono.

Dawa ya pili ni mafunzo. Mfungeni mbwa kamba ya mita mbili, geti likiwa limefungwa. Mwambie "kaa" mara moja tu. Akikaa, gusa komeo. Akibaki amekaa, mpe kipande cha maini yaliyochemshwa, kikubwa kama punje ya harage, umpe palepale alipo, asikufuate wewe. Akinyanyuka, ondoa mkono kwenye komeo, kaa kimya, anza upya. Usimfokee, geti kutofunguka ni adhabu ya kutosha. Akishatulia mara tano mfululizo, vuta komeo. Kisha fungua geti upana wa kiganja, kisha nusu, kisha wazi kabisa. Baada ya hapo mtu mmoja apite nje akitembea, halafu akikimbia, mwishowe pikipiki. Dakika tano zinatosha kwa zamu, zamu mbili au tatu kwa siku.

Wanaoshindwa hushindwa kwa njia mbili. Wengine hugusa komeo leo na kufungua geti lote kesho, yaani wanaruka ngazi. Wengine husema "kaa, kaa, kaa" mpaka mbwa anajifunza kwamba neno la kwanza halina maana. Na mkubaliane nyumba nzima juu ya maneno. Mbwa anayeambiwa "kaa" na baba, "keti" na mtoto na "tulia wewe" na mlinzi hana kosa lolote. Bandikeni karatasi jikoni: kaa, lala, baki, njoo, acha. Dada wa kazi na mlinzi ndio wanaoshinda na mbwa, kwa hiyo wao ndio waje kwenye mazoezi ya Jumamosi, hata kama mwenye mbwa ana kikao.

Miezi minne ya kwanza

Mtoto wa mbwa anaizoea dunia zaidi kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne. Asichokiona wakati huo, baadaye atakiona kama adui. Tatizo ni kwamba dirisha hili linaangukia kabla chanjo hazijakamilika, na Rottweiler ni miongoni mwa mbwa wanaodhurika sana na pavo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa. Wengi wetu hutatua kwa kumfungia mpaka miezi mitano, na hapo tumeshampoteza.

Njia ya katikati ipo. Mbebe. Mweke kwenye beseni au ndani ya gari, ukae naye robo saa karibu na kijiwe cha bodaboda, pembeni ya soko, nje ya shule watoto wakitoka. Aone kanzu, buibui, mwavuli unaofunguka, mkokoteni, muuza madafu na baiskeli yake. Asikie honi na spika. Usimshushe pale mbwa wengine wanapojisaidia, kwa sababu virusi vya pavo hukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Sakafu iliyochafuliwa isuguliwe kwa sabuni kwanza, ndipo ipakwe jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, iachwe dakika kumi. Jiki juu ya kinyesi ambacho hakijaondolewa haifanyi kazi.

Chanjo zianze wiki ya sita hadi ya nane, zirudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka apite wiki ya 16. Sababu ya kurudia ni kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama: ikiwa bado ina nguvu huiua chanjo, na hakuna ajuaye siku itakayoisha. Aliyechanjwa mara moja akiwa na wiki sita anaweza kuwa hajachanjwa kabisa. Ulizeni pia dawa imetunzwa wapi. Chanjo inataka nyuzijoto 2 hadi 8; iliyoshinda kwenye mkoba wa mtu kutoka Kariakoo mpaka Goba ni maji tu.

Tena, msimpige mbwa kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo. Ukilifuta onyo, mara nyingine atang'ata bila kusema.

Kupe

Hapa ndipo fedha za wanachama zinapoteketea. Kupe wa kahawia wa mbwa hushuka mwilini mara tatu katika maisha yake: akiwa mchanga, akiwa kijana, na akiwa mkubwa anapokwenda kutaga. Hapandi majani kama wengi wanavyodhani. Anapanda ukuta. Anaingia kwenye ufa, kwenye kona ya dari, nyuma ya fremu ya mlango, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo anayeogesha mbwa na kuliacha banda anawaua wachache na kuwaachia wengi chumba.

Zibeni nyufa kwa saruji. Pulizieni kuta dawa ya kupe mpaka juu, siyo sakafu peke yake, mbwa akiwa nje mpaka pakauke, na mrudie baada ya wiki mbili au tatu kuwapata walioanguliwa. Mbwa naye apewe kinga yake siku hiyohiyo. Kila jioni pitisheni vidole ndani ya sikio, chini ya kola, kwapani, kinenani, chini ya mkia na kati ya vidole vya miguu, pale kati kabisa, penye ngozi laini, ambapo kupe mdogo huonekana kama mbegu ya ufuta. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, kwa kuvuta moja kwa moja. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti viacheni.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe bado inatutesa. Kosa ni kipimo: "kifuniko kimoja kwenye ndoo", ndoo ipi na kifuniko kipi hakuna ajuaye. Mbwa hujilamba, kisha anazubaa, anatoka mate, anatetemeka. Na wenye paka, someni lebo: zipo dawa zenye permethrin ambazo mbwa huzivumilia lakini zinaua paka.

Dalili za homa za kupe mnazijua: hataki kula, fizi zimepauka, joto limepanda, damu puani, au mkojo wenye rangi ya kahawa. Pimeni damu kabla ya kuchoma sindano yoyote, kwa kuwa vimelea ni tofauti na dawa zao ni tofauti. Daktari akiandika doksisaiklini kwa siku 28, ni 28. Siku ya tatu mbwa ataanza kula na kuruka, mtu ataweka vidonge kabatini, na baada ya miezi ugonjwa utarudi ukiwa umeshuka kwenye uboho wa mifupa.

Joto

Desemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma, mbwa mweusi wa kilo 50 yuko hatarini hata akiwa amelala. Banda la bati lisilo na dari ni oveni. Makuti au kivuli cha mwembe ni bora kuliko feni. Upande mmoja uachwe wazi kwa upepo wa baharini. Kutembea ni kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, au baada ya saa moja usiku. Weka nyuma ya kiganja kwenye lami: ukishindwa kuhesabu mpaka saba, naye hawezi. Wanaokwenda Coco Beach wabebe maji yao, kwani mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari, na kinachofuata ni kutapika na kuharisha.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2. Akihema bila kutulia, ulimi ukawa mwekundu sana na miguu ikayumba, mmwagieni maji ya bomba mwili mzima, muwashe feni, mumpeleke kwa daktari. Msimfunike taulo lililolowa, linazuia joto kutoka. Kipimo kikishuka hadi 39.5 acheni kumwagia, vinginevyo joto litaporomoka kupita kiasi.

Chakula

Ugali na mchuzi wa dagaa ni sawa ikiwa dagaa ni dagaa kweli, wameoshwa mchanga na chumvi, na ni wengi. Wengi wetu tunalisha ugali uliopitishwa karibu na dagaa. Unga wa "daraja la mbwa" uliovunda usinunuliwe: sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 huua ini la mbwa vilevile. Mabaki ya pilau yana vitunguu, ambavyo huharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti.

Mtoto anayekula chakula kamili cha dukani asiongezewe kalsiamu, maana inayozidi ndiyo inayopinda miguu. Anayepikiwa nyumbani, kinyume chake, huwa na upungufu, hivyo daktari amkadirie. Kupima unene hakuhitaji mizani: pitisha vidole kwenye mbavu. Zikiwa kama mgongo wa kiganja chako, ni vizuri. Kama ngumi iliyokunjwa, amekonda. Kama kiganja upande wa ndani, amenenepa.

Mkubwa ale mara mbili, kisha apumzike. Tumbo likivimba huku akijaribu kutapika na hakitoki kitu, ni tumbo limejisokota. Msingoje asubuhi.

Mengineyo

Mkia: kamati haitaandikisha mtoto aliyekatwa mkia kuanzia mwaka ujao. Ujerumani kwenyewe wamepiga marufuku tangu 1998, na mpira wa kubana unaotumika hapa mjini huleta vidonda. Uzazi: hakuna kuzalisha kabla ya miaka miwili na picha ya nyonga.

Kichaa cha mbwa hakina mjadala. Kila mbwa wa mwanachama achanjwe akifika miezi mitatu na kurudia kwa tarehe iliyo kwenye kadi. Mtu aking'atwa, hata na mbwa mwenye kadi, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, aende hospitali siku hiyohiyo, na mwenye mbwa agharimie bila kusubiri mjumbe amwite. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa siku kumi.

Mkutano utapigia kura mapendekezo mawili: geti la ndani liwe sharti la uanachama, kwa muda wa miezi sita wa kujenga, na sehemu ya ada itumike kununua pampu ya kupulizia, itakayozunguka kwa zamu kuanzia Kigamboni. Mnaoingia ukumbini mwonyesheni Katibu kadi za chanjo mlangoni. Mbwa wabaki nyumbani, ukumbi hauna kivuli.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti