Baba, Misri tena

Accra,
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Baba,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo Mwiki. Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka. Ukinipigia simu utadhani unaongea na shangazi.

Michezo ya Afrika imefungwa jana. Mabango yote yameandikwa "Accra 2023" ilhali mwaka ni 2024. Iliahirishwa, jina likabaki. Nimekumbuka kalenda ya Mama pale jikoni, ile isiyobanduliwa mpaka picha yake imchoshe.

Nianze na lako. Misri ndio walioongoza jedwali la medali. Guna tu, nakusikia. Tangu 1987 ulipotoka fainali ya kandanda pale Kasarani, Misri moja, sisi bila, hujawataja watu hao kwa sauti ya kawaida. Uga ulikuwa mpya kabisa, umejengwa kwa ajili ya Michezo hiyo hiyo, nasi watoto tulikua tukidhani ulijengwa ili Baba apate mahali pa kuhuzunikia.

Riadha ilikuwa kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ghana, huko Legon. Nilipanda trotro, ndiyo matatu yao, nikashuka shati limelowa. Fukuto la huku si jua la Nairobi, Baba. Hata kivulini unatoka jasho. Jukwaani tulikuwa Wakenya kumi na kitu, wengi hatujuani, lakini dakika tano baadaye mama mmoja alikuwa ameshagawa chapati na kuniuliza kwa nini sijaoa. Beatrice Chebet alipochukua dhahabu ya mita 5,000 tulipiga kelele hadi Waghana wakahama viti.

Lakini siku ya mkuki ndiyo iliyonitia hasira. Warushaji walipoitwa, wenzangu wakainuka kwenda kutafuta maji. Kwa Mkenya, kitu kisichokimbia si riadha. Nikabaki na mkoba wa mama wa chapati nikimlindia.

Nilikuwaza wewe. Uliniambia shuleni kwenu mkuki ulikuwa mwanzi, mwalimu akiuchonga ncha kwa panga. Julius Yego naye alianza na vijiti alivyochonga mwenyewe huko Nandi, halafu akawa anakaa saiba, yale maduka ya intaneti, akitazama YouTube jinsi Jan Železný na Andreas Thorkildsen wanavyorusha. Kocha hana, ana skrini. Kijana huyo ndiye aliyekuja kurusha mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Dhahabu ya Michezo hii alikuwa nayo tayari, ya Maputo 2011 na ya Rabat 2019. Sasa ana miaka 35.

Kwenye runinga huoni kitu. Ukiwa pale unaona mkono wa Yego ukivutwa nyuma kabisa, miguu inapishana kwa upande kama ya kaa, kisha mwili wote unajirusha mbele naye anaangukia viganja karibu na mstari. Mkuki wenyewe ni gramu 800 tu. Unapanda, unatetemeka mkia, halafu kwa muda unakuwa kama umesahau kushuka. Unapochoma nyasi huisikii sauti yoyote. Unamtazama mwamuzi: bendera nyeupe, umekubaliwa; nyekundu, umekataliwa.

Alishinda, Baba. Dhahabu ya tatu. Wenzangu walirudi na maji yao wakakuta nimesimama kwenye kiti na mkoba wa mwenyewe kichwani. Wimbo wa taifa ulipopigwa waliuimba kwa nguvu kuliko mimi, kana kwamba walikuwepo. Sikuwaambia neno, chapati zilikuwa bado zimebaki.

Pesa za dawa za Mama nitatuma Ijumaa. Jezi mbili anakuja nazo rafiki yangu baada ya Pasaka. Ile ndogo ni ya Mama, usianze kuijaribu.

Na ule mwanzi mliomnyang'anya mjukuu wako kwa ajili ya dirisha la jirani, mrudishieni. Mpeleke kwenye uwanja wa shule Jumamosi, umwonyeshe unavyoshikwa. Kuku wa Mama wawe wamefungiwa.

Mwanao,
wa Accra