Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wazee wa Mitaa, Mombasa

Assalamu aleikum. Bwana asifiwe.

Wazee wangu, mama zangu na ndugu wanachama wote,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tumesuluhisha kesi za mipaka, za wapangaji na za ndoa. Tumesindikiza vijana kwa chifu kutafuta vitambulisho. Tumezika wenzetu watatu, Mungu awarehemu, na kila familia imepokea rambirambi ya Sh15,000. Mahema na viti vimekodishwa vizuri, hasa misimu ya harusi.

Sasa nije kwenye uamuzi wa kamati wa mwezi Juni, wa kutoa Sh118,800 kwenye mfuko wa chama kuwalipia wanachama 33 mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali. Maneno yamekuwa mengi, na mengi yamesemwa nje kabla ya kuletwa mkutanoni. Leo nayajibu hadharani.

Imesemwa kwamba mfuko ule ni wa mazishi. Katiba yetu inataja mazishi na dharura. Mimi nauliza, mzee akilazwa na mkewe akaambiwa aweke pesa kwanza, hiyo ni nini kama si dharura? Au tungoje afe ndipo tutoe?

Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Sisi tutakatwa kwenye nini? Mzee wa mtaa hupimwa mapato kama mchuuzi yeyote, na hata akiangukia kima cha chini cha Sh300 kwa mwezi, hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, Sh3,600. Kwa mwenzetu anayeuza viazi karai jioni, hiyo ni kodi ya chumba. Zahanati atatibiwa bure akiwa amejisajili, lakini kulazwa hospitali kubwa bila mchango uliolipwa ni mzigo wa familia.

Mwenzetu wa Likoni alipigwa jiwe la mguu mwezi Agosti, akiamua ugomvi wa ukuta wa choo baina ya majirani wawili. Mfupa ulivunjika. Mimi mwenyewe nilivuka feri usiku ule nikampa mkewe nambari ya malipo. Alilazwa, akafungwa plasta, na hatukuzungusha kikapu cha mchango kama tulivyozoea. Mwaka juzi, kwa mwenzetu mwingine, tulizungusha kikapu hicho wiki mbili na hakikujaa.

Imesemwa pia kwamba nilijilipia kwanza. Jina langu ni la 19 kwenye orodha, na ada zangu nilizimaliza Januari. Waliolipiwa ni waliokamilisha ada hadi Mei. Wanachama 29 hawakuwa wamekamilisha, na kamati haikumruka mtu kwa chuki.

Hesabu ni hizi. Tulianza na Sh74,300. Ada zilizotakiwa ni Sh148,800, zilizoingia ni Sh90,900, na mahema na viti vikaleta Sh96,500. Tumetumia Sh118,800 kwa SHA, Sh45,000 kwa rambirambi, na Sh31,400 kwa ukumbi, nauli, makaratasi na kushona mahema. Zimebaki Sh66,500. Kwa hiyo mfuko unaodaiwa nimeumaliza umepungua Sh7,800 pekee. Lau madeni ya ada, Sh57,900, yangelipwa, tungewalipia wengine zaidi ya kumi na akiba ikabaki.

Mahudhurio yananiuma zaidi. Siku ya pilau viti havitoshi. Mkutano wa Septemba tulikaa watu 17, tukavunja kwa kukosa akidi, na waliokosa ndio walioandika malalamiko marefu kwenye simu.

Wenzangu, tulichaguliwa barazani na wananchi. Tunagongewa mlango saa nane za usiku, na mwaka mzima hatukupokea hata shilingi ya serikali. Mhudumu wa afya ya jamii, tunayepita naye nyumba zile zile, hupewa Sh5,000 kwa mwezi, nusu ya Serikali Kuu na nusu ya kaunti. Ni haki yake na wala haimtoshi. Sisi je? Ahadi ya posho tumeisikia serikali baada ya serikali. Na tusilale: madiwani wa zamani wa Manispaa, baraza lililoondoka mwaka 2013 kaunti zilipoingia, wamezeeka wakidai kiinua mgongo chao.

Nimeandika barua kwa ofisi za serikali na kwa waheshimiwa wa wadi, nikiomba posho ya kila mwezi na SHA ilipwe na anayetutuma kazi. Majibu bado. Inshallah mwaka ujao tutapata mwelekeo, na huenda tukaongeza mahema.

Risiti zote za SHA ziko kwa mweka hazina, zimepangwa kwa majina. Mwenye shaka aende akazisome. Wenye madeni ya ada wamalize kabla ya mwisho wa Machi, kwani orodha ya malipo yajayo itafungwa siku hiyo.

Mwenyekiti