Ndege ya Mama ni Jumatano usiku

Area C, Dodoma

Mpendwa Mama Irene,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila huu upepo wa kipupwe na vumbi lake. Nimekuwa kimya tangu msiba wa babu, unisamehe. Leo nina shida.

Mama anakwenda Toronto kwa Tuma, mtoto amezaliwa. Tiketi imeandikwa 04:10 Alhamisi, naye kaishika kuwa saa nne. Ameshaaga jumuiya nzima kwamba anapaa Alhamisi saa nne asubuhi! Ni saa kumi alfajiri, usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Nikikumbuka yaliyompata Bahati, tumbo linanikata.

Halafu mwanangu kamwambia bibi yake kwamba Dar hadi Toronto ni kilomita 12,800, ndege inakwenda kama 900 kwa saa, basi ni saa 14. Hesabu haina kosa, ni ya uzi alioukaza juu ya tufe la shule, unakatiza Sahara na Atlantiki. Ila safari haifuati uzi. Mama atashuka Addis Ababa asubuhi, akae hapo mpaka saa tano kasorobo usiku. Na ikitoka hapo ndege inatua tena kujaza mafuta, kwa sababu uwanja wa Addis uko juu, zaidi ya mita 2,300. Hewa ni nyepesi, ndege haiwezi kuruka na mafuta ya njia nzima. Tena kwenda magharibi upepo wa juu unaipinga. Atatua Ijumaa saa mbili na robo asubuhi ya kwao, huku kwetu saa tisa na robo alasiri. Nimehesabu mara tatu: saa 35, na treni sijaitia.

Unaijua miguu yake inavyovimba. Daktari kasema asikae muda mrefu bila kutembea. Basi tangu Jumatatu, kila saa anainuka mkekani, mkono kiunoni, anauzunguka mwembe mara mbili, kisha anarudi kufunga mlenda mkavu wa Tuma. Namtazama dirishani, machozi yananilenga.

Ninachoomba: Jumatano jioni umpokee stesheni ya SGR, alale kidogo kwako Kinyerezi, na saa saba usiku awe ameshafika Terminal 3. Usimwachie dereva peke yake, shoga yangu. Ingia naye mpaka pale wasiosafiri wanapoishia. Na akikwambia ni saa nne, usimsikilize!

Jumatano uko zamu? Baba Irene ataweza kuendesha usiku ule? Yule binti wa kwenu aliyepita Addis mwaka jana, alipumzikia wapi siku nzima? Wazee wanapewa kiti cha magurudumu, au kinaombwa mapema? Nijibu leo hii, hata usiku. Simu naiweka kando ya mto.

Wako,
Mama Neema