Kwa mwanangu wa Kolwezi: daftari lako la mbwa halina bei

Mwanangu, baba yangu,

Picha tatu za daftari lako zimefika. Yaya yako, dada yako mkubwa, alinichapishia kwenye karatasi pale mjini, maana kwenye simu tarakimu zako hazisomeki, 1 na 7 ni mapacha. Baba yako akamwona yule mbwa uliyemchora pembeni, akauliza kama huko mgodini siku hizi mnafuga. Nikamwambia ni masomo. Si uongo sana.

Umeniuliza kama hesabu yako ya kuchezea fedha mbio za mbwa inasimama. Mahubiri sitakupa, hayo utayapata Jumapili. Umeuliza hesabu, na mimi kabla ya kukaa barabarani na mafungu ya falanga kubadilisha fedha nilisoma hesabu na fizikia, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa hesabu na kama mtu wa bei.

Daftari lina safu nne: saa, namba ya mbwa aliyeshinda, rangi ya fulana yake, na alama nyekundu pale ulipomchezea. Mwisho wa ukurasa wa tatu kuna jumla. Mbio 120: namba 1 kashinda mara 26, namba 2 mara 19, namba 3 mara 21, namba 4 mara 17, namba 5 mara 20, namba 6 mara 18. Chini yake umepiga mstari na kuandika kwa herufi kubwa kwamba namba 1 ina thamani. Nikatafuta bei. Nikageuza karatasi. Kurasa zote tatu hazina bei hata moja.

Hapo ndipo penye tatizo lote, mengine ni matawi yake. Thamani haikai ndani ya mbwa. Inakaa kati ya uwezekano wake wa kushinda na bei anayouzwa. Mbwa wa bei 5.00 maana yake ukiweka falanga 1,000 akishinda unapewa 5,000. Gawanya 1 kwa 5, unapata asilimia 20. Bei inakuambia: ukitaka kutoka salama, huyu lazima ashinde mara 20 katika 100. Kama una sababu nzuri za kuamini atashinda mara 23, hiyo ni thamani. Kama atashinda mara 18, unalipa ghali, hata akishinda leo mbele ya macho yako.

Chukua mbwa mzuri anayeshinda mara moja kati ya tatu. Wote ukumbini wanampenda, anauzwa 2.50. Zidisha: kwa kila 1,000 unayoweka, wastani wa muda mrefu unarudishiwa 833. Unashinda mara nyingi, unacheka na wenzako, na mfuko unapungua. Sasa chukua mwingine dhaifu, anashinda mara moja kati ya nane, hakuna anayemtazama, anauzwa 10.00. Huyo anakurudishia wastani wa 1,250. Unamchukia karibu kila siku, na ndiye anayekulipa. Pascal na Fermat, mwaka 1654, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatika katikati, na njia waliyoipata ni hiihii: uwezekano mara malipo. Huhitaji zaidi ya hapo kwa kuanzia. Lakini malipo lazima uyaandike, mwanangu! Umeandika rangi ya fulana, ambayo inafuata namba siku zote, namba 1 nyekundu, 2 bluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 ya chungwa, 6 milia. Safu nzima imekwenda bure.

Futa rangi, weka bei ya mbwa wote sita, si ya mshindi peke yake. Nitakuonyesha kwa nini. Tuseme bei ni 3.00, 4.00, 5.00, 6.00, 8.00 na 10.00. Geuza kila moja kuwa asilimia: 33.3, 25, 20, 16.7, 12.5, 10. Jumlisha. Unapata 117.5, wakati mbio moja haiwezi kuwa na uwezekano zaidi ya 100. Hizo 17.5 za juu ndizo chakula cha mwenye nyumba ya pari, yule anayepokea dau zenu. Mtu akiwacheza wote sita kwa uwiano wa asilimia hizo, kila 1,000 inarudi 851. Wewe unaijua kazi yangu. Mtu akiniletea dola nainunua kwa bei moja, akitaka dola namuuzia kwa bei iliyo juu kidogo, na katikati ya bei hizo mbili ndipo ninapopata bukari, ugali wa nyumbani. Sihitaji kujua kesho dola itapanda au itashuka. Mwenye nyumba ya pari naye hahitaji kujua nani atashinda. Tofauti ni kwamba mimi nikimkata mteja asilimia 15 hatarudi tena, atavuka barabara kwa mwenzangu.

Kwa hiyo kumjua mbwa kidogo kuliko wengine hakutoshi. Lazima umjue zaidi kwa kiasi kinachopita mkato wote huo, ndipo falanga ya kwanza ya faida ianze kuingia. Na zile tiketi za kuunganisha mbio tatu pamoja, ambazo rafiki yako anakusifia, zinazidisha mkato: 0.851 mara 0.851 mara 0.851 ni 0.616. Karibu asilimia 38 imekwenda kabla mbwa hajatoka. Namba kubwa iliyoandikwa chini ya tiketi inapendeza, ndiyo maana wanaiandika kubwa.

Sasa kuna jambo nililoliona kwenye saa zako, na ningependa uliangalie kabla ya kuweka hata falanga moja tena. Ukurasa wa kwanza mbwa wana majina na mji wa uwanja, na mbio zinapishana robo saa, dakika kumi, hivi na vile. Ukurasa wa pili na wa tatu hakuna jina wala mji, na saa zinapishana dakika tatu tatu, usiku na mchana, bila kukosa. Mwanangu, hao wa ukurasa wa pili hawali, hawachoki, hawana mama. Ni katuni. Programu ya kompyuta inachota namba ya bahati, kisha inachora picha ya mbwa wanaokimbia ili utazame. Angalia tiketi yako, utakuta imeandikwa kwamba ni mchezo wa kompyuta.

Kwa mbwa wa katuni daftari halina kazi. Kila mchoto hauijui historia ya mchoto uliopita. Namba 4 hajashinda mara kumi mfululizo? Hajui. Na mwenye kupanga uwezekano ndani ya programu ndiye huyohuyo anayepanga bei, kwa hiyo hakuna siri iliyobaki ya wewe kuigundua. Hapo mkato ndio ukweli wote. Ukipenda kutazama, tazama, ni kama kulipia sinema, lakini usiite takwimu.

Mbwa wa kweli ni habari nyingine, na hapo nakupa heshima yako. Uingereza wanakimbia sita sita, mara nyingi mita 480 hivi, chini ya nusu dakika, wakimfukuza sungura wa bandia anayevutwa na mtambo. Mchezo wa namna hiyo kule ulianza Manchester, uwanja wa Belle Vue, mwaka 1926, na karibu miaka mia ya matokeo imeandikwa. Kila mbwa ana uzito wake, muda wake wa mbio zilizopita, muda wa kufika kwenye mstari mara ya kwanza, na maelezo mafupi ya alivyokimbia: alitoka pole, aligongwa konani, alipita nje. Hakuna mpanda farasi wa kumvuta hatamu. Mbwa akizibwa kwenye kona ya kwanza, mbio yake imekwisha, na anayetangulia kufika konani bila kuguswa ana nafasi kubwa mno. Kama kuna mahali pa kutafuta kitu ambacho bei haijakimeza, ningeanza hapo: nani anatoka haraka, nani yuko pembeni yake, na je, wawili wanaopenda kubana ndani wamewekwa vizimba jirani (vile vibanda vya kutokea, ndivyo namba zako 1 hadi 6) wagongane.

Lakini kizimba peke yake, kama ulivyofanya wewe, hakikupeleki mbali. Kwanza vizimba kule havigawiwi kwa bahati tupu. Mpangaji wa mbio anamtazama mbwa: anayependa kukimbia nje anawekwa 5 au 6, wa ndani anawekwa 1 au 2. Pia mbio za kawaida hupangwa kwa madaraja ili mbwa walingane. Kwa hiyo ushindi wa namba 1 unachanganya kizimba na mbwa aliyewekwa humo, na huwezi kuvitenganisha kwa kuhesabu rangi.

Pili, 26 kati ya 120 si habari. Vizimba vyote vikiwa sawa, kila kimoja kingetegemewa kushinda mara 20. Mkengeuko sanifu wa hesabu hiyo, yaani kipimo cha jinsi bahati peke yake inavyoiyumbisha, ni kipeuo cha pili cha 120 × 1/6 × 5/6, kama 4. Kwa hiyo matokeo kati ya 16 na 24 ni ya kawaida kabisa, na 26 iko hatua moja na nusu juu. Tena hukuichagua namba 1 kabla ya mbio. Uliwaacha sita wakimbie, ukamshika aliyeongoza, ukasema ndiye. Kati ya sita lazima mmoja awe juu. Tuseme kizimba cha kwanza katika uwanja fulani kinashinda kweli asilimia 18 badala ya 16.7. Ili tofauti ndogo hiyo ionekane kwa mikengeuko sanifu miwili tu, unahitaji mbio zaidi ya 3,000, za uwanja mmoja na umbali mmoja. Wewe una ukurasa mmoja wa mbwa wa kweli, na viwanja umevichanganya.

Kama bado una hamu, fanya hivi, bila falanga. Kabla ya mbio, andika asilimia zako kwa mbwa wote sita, jumla iwe 100. Ndipo uangalie bei, uandike na yenyewe. Halafu andika bei ya mwisho kabla hawajatoka. Hiyo ya mwisho ina maana kubwa, kwa sababu soko la mbwa ni dogo na watu wenye habari huingia mwishoni. Ukiona mara kwa mara mbwa uliyemwona ana thamani kwa 6.00 anafunga kwa 5.00, kuna kitu unakijua. Ukiona anafunga kwa 7.50, soko linakujua wewe. Na baada ya mbio mia kadhaa, wakusanye mbwa wote uliowapa asilimia 20 uone kama walishinda mara moja kati ya tano. Wengi hapo ndipo wanaposimama, kwa sababu namba hazina adabu.

Na ikiwa utabaki na faida ya kweli, usiweke kwa hasira. Kelly, Mmarekani wa maabara ya Bell, alitoa kanuni mwaka 1956: chukua uwezekano mara bei, toa 1, gawanya kwa bei ukiondoa 1. Uwezekano wa asilimia 22 kwa bei 5.00 ni 0.1 gawanya 4, asilimia 2.5 ya akiba yako ya mchezo. Katika 100,000 unaweka 2,500, basi. Wanaojua huweka nusu ya hapo, kwa sababu ule uwezekano umeukadiria wewe mwenyewe. Mbwa wa asilimia 20 hushindwa mara kumi mfululizo kama mara moja kati ya tisa, bila uchawi wowote. Ile tabia ya kuongeza maradufu kila ukishindwa, ukianza na 1,000, mara nane tu zimekula 255,000. Hizo ni falanga za minerval, ada ya shule ya mdogo wako, na hizo hazimo katika akiba ya mchezo, tumeelewana.

Usijenge ndoto ndefu juu ya mbwa, maana mchezo wenyewe unafungwa huku na kule kwa ajili ya mbwa wanaoumia. Florida, Marekani, walipiga kura mwaka 2018, mbio zikakomeshwa kufikia mwisho wa 2020. New Zealand walitangaza kuufunga mwishoni mwa 2024, Wales nao mwaka 2025. Mimi sioni ubaya wa hilo.

Baba yako anakusalimu, yaya yako anasema umrudishie chaja. Jumamosi nitumie ukurasa mpya wenye bei, nitauhesabu jioni. Na kabla ya hapo irudie jumla yako: 26, 19, 21, 17, 20 na 18 ni 121, na mbio umeandika 120. Kama wawili walifika pamoja, ungeandika. Vinginevyo kuna mbwa mmoja ameshinda bila kukimbia. Mtafute.

Mama yako
Katuba, Lubumbashi