Wifi, sikusema mdudu atapanda ubongoni

Wifi yangu,

Nakuandikia hapa kwa kuwa simu zangu hupokei, na kaka nimechoka kumgeuza tarishi. Shangazi amenipigia kutoka Tanga analia: eti nilikutabiria kwamba amiba wa jichoni atapanda ubongoni ufe. Sikusema hivyo, na unajua sikusema.

Nilichosema nilikisema pale kwenye korido ya kliniki, umejifunika mtandio usoni kwa sababu mwanga ulikuwa unakuchoma. Nilisema: waombe wakwangue konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, wakapime. Ukanigeukia mbele ya mama: "Wewe kazi yako kuchungulia vinyesi, leo umekuwa daktari wa macho?" Mama akanyamaza. Kule kunyamaza kwake kunaniuma mpaka leo kuliko tusi lenyewe.

Ndiyo, nachungulia vinyesi maabara, na amiba nawajua. Jicho lako lilikuwa jekundu kidogo tu, lakini maumivu yalikukesha. Mtu anayevaa lenzi za macho akiumwa kupita kile kinachoonekana, Acanthamoeba, yule amiba anayeshambulia konea, lazima afikiriwe. Madaktari wakasema ni virusi vya hepesi, wakakupa matone ya steroidi, ukapata nafuu. Nafuu ile ndiyo iliyokuponza, maana steroidi hutuliza wekundu na maumivu, mdudu akabaki anaendelea. Ukanitumia picha ya jicho jeupe, bila hata salamu.

Na kukwangua peke yake hakutoshi. Sampuli ikifika maabara bila kuandikwa kinachotafutwa, itaoteshwa kama ya bakteria na amiba hatajulikana. Yeye anataka agari (rojo la kuoteshea vijidudu) isiyo na lishe, iliyotandazwa bakteria wa E. coli awale, ukitazama kwa hadubini unaziona njia alizopita akila. Siku hizi kuna PCR, kipimo cha vinasaba vya mdudu, na hospitali za macho kama Moorfields hapa London wana hadubini ya konfoko inayoziona sisti, yaani amiba waliojifungia kwenye ganda, ndani ya konea bila kukwangua. Ukisubiri mpaka pete nyeupe ijitokeze kwenye konea, umeshachelewa. Wewe ilijitokeza.

Halafu yakaja yale matone ya kila saa, mchana na usiku, kwa sababu sisti ina kuta mbili na haifi kirahisi. Nani alikaa nawe akikutilia? Ulinishika mkono ukaniita dada. Sijasahau, wifi. Ndiyo maana haya ya shangazi yamenichoma.

Habari ya ubongo niliisema mezani, kaka aliponiuliza. Nilimweleza Naegleria fowleri, ambaye ni amiba mwingine kabisa. Hupita puani, akafuata neva ya kunusa. Karachi, Pakistan, wamekufa watu ambao hawakuogelea popote. Kinachoshukiwa ni maji ya bomba waliyopandisha puani wakitawadha. Dalili zake hufanana na homa ya uti wa mgongo ya bakteria, na mgonjwa anaweza kufa ndani ya wiki moja. Kwa hiyo maji ya uti wa mgongo hutazamwa papo hapo, yakiwa bado na uvuguvugu. Ukiyaweka kwenye friji amiba huacha kutembea, na asipotembea unaweza kumdhania chembe nyeupe ya damu. Acanthamoeba naye anaweza kufika ubongoni, lakini zaidi kwa watu ambao kinga yao imedhoofika sana, na kwa kawaida huanzia kwenye ngozi au mapafu. Hayo ndiyo niliyosema. Wewe ulikuwepo, ukimenya chungwa.

Sasa nasikia binti yetu ameanza kuvaa lenzi. Azivue kabla ya kuingia bafuni. Asizisuuze kwa maji ya bomba, wala kile kikopo chake. Hukuniamini mimi, lakini yeye atakuamini wewe mama yake. Na shangazi mpigie leo, umwambie kwa mdomo wako nilisema nini.